Nilijiona Toka Juu, Penye Boriti

Juzi dada mmoja anayekaa Faza, kisiwani Pate, ameniandikia. Alipozimia wakati wa kujifungua alijiona toka juu, wakunga wakimhangaikia. Alimwambia mamake peke yake, na sasa nyumba nzima inatafuta wa kumpunga jini. Ananiuliza, anyamaze? Nimelia, maana miaka sita nyuma nilikuwa pale pale alipo yeye.

Ilikuwa harusi ya wifi yangu, hapa Mkomani. Nilikula wali na kamba wa nazi, matonge machache tu, viganja vikaanza kuwasha. Nikadhani ni piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea mikono. Mara ulimi umejaa mdomoni, koo limebana, nikasikia mtu akisema "mlazeni!" kisha kimya.

Halafu nikawa juu. Si ndoto, ndoto naijua. Boriti zilikuwa karibu nami hata naona vumbi lililoganda kwenye ufa, na msumari mmoja uliopinda. Chini mwanamke amelala mkekani, leso imemvuka, hina ya wayo wa kushoto imechujuka. Nilimwonea huruma kama mtu baki. Nikamwona mume wangu utosini, pale nywele zilipoanza kumpungua. Yeye ni mrefu, sikuwa nimepaona kabla. Sikuogopa, wala sikutaka kurudi, na hilo ndilo lililoniuma sana baadaye, kwani nilikuwa na mtoto anayenyonya.

Nilizinduka nimeshadungwa sindano, moyo unakimbia. Walikuwa wamenipitisha vichochoroni juu ya mkokoteni.

Nikahadithia. Mavyaa akasema ni jini la bahari. Jirani akasema nimepewa karama, akaniletea mwanawe nimwombee. Wengine wakacheka, na vicheko vile sijavisahau. Zahanati waliandika nimezirai, wakaniruhusu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikula nini! Wote walishughulika na roho yangu, mwili wakausahau. Miezi minane baadaye nikala kamba tena, nikaanguka tena. Safari hii sikuona chochote, giza tupu. Daktari mwingine ndiye aliyeuliza, akasema: huu ni mzio, yaani mwili wangu unawakataa kamba.

Basi dada yangu, usinyamaze, lakini anza na daktari. Muulize ulipoteza damu kiasi gani na presha ilishuka hadi wapi. Kama ni mzio, mgonjwa alale chali, miguu iinuliwe, asisimamishwe. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, idungwe pajani upesi, kisha abaki hospitali, kwani dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Na hauko peke yako. Uholanzi, utafiti uliotoka mwaka 2001 uliwauliza wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, na 62 kati yao walisimulia mambo waliyoyapitia wakati wamezimia. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake, Geneva, walipogusa kwa umeme sehemu moja ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa, alisema anajiona toka juu. Mimi hilo halinivunjii imani hata chembe. Roho ni siri ya Mola, na ubongo ni kazi yake Yeye Yeye.

Mwambie mamako asitoe pesa kwa mganga kabla hujapimwa damu. Akikataa, nipe nambari yake nizungumze naye mwenyewe, mama kwa mama.