Nyanya ikitafunwa inajuaje?

SWALI: Habari mhariri, nalima nyanya Morogoro. Jamaa kaniambia mdudu akila jani moja, majani mengine yanapata taarifa yanajiandaa. Mmea hauna ubongo, si fiksi hiyo?

JIBU: Salama ndugu yangu. Sio fiksi, na nyanya yenyewe ndo imechunguzwa sana. Mwaka 1972 huko Marekani, watafiti Green na Clarence Ryan walionyesha kwamba jani moja likitafunwa, hata majani ambayo hayajaguswa yanaanza kujaza protini zinazozuia vimeng'enya vya tumboni mwa mdudu, yani anakula ila protini haimwingii vizuri mwilini, anadumaa.

Inavyokwenda, seli zikichanika inatoka kitu kidogo sana cha asidi amino 18 (vijenzi vya protini), kinaitwa sistemini, wamekigundua 1991, hicho kinazistua seli za jirani zinatengeneza asidi ya jasmoni, homoni ya mmea ya kujihami. Sasa ndani ya kiini cha seli kuna protini zinaitwa JAZ, muda wote zimezibana jeni za ulinzi kama mlinzi aliyefunga geti, jasmoni ikifika JAZ zinavunjwavunjwa, jeni zinaanza kazi. Haziachwi wazi siku zote kwa sababu kujihami kunakula nguvu na mmea haukui vizuri.

Lililonifurahisha mimi ni la 1990, Ryan na mtafiti mwenzake Farmer waliifungia nyanya nzima kabisa pamoja na matawi ya kichaka fulani kinachotoa harufu ya jasmoni, nyanya ikajihami kwa harufu tu!

Ila kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, bado atakula, endelea kukagua shamba.