Kuungama si kukiri

SWALI: Mimi ni katekista. Naandaa somo la vijana wa parokia kuhusu Wajesuiti (wamisionari Wakatoliki) wa kwanza nchini Brazili, nami nimeandika hivi: "Wahindi wa Brazili walikiri dhambi zao mbele ya padri kupitia mtafsiri." Mwenzangu anasema "walikiri" si sahihi, niandike "waliungama". Mimi naona maneno hayo ni mamoja. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, nami nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu kitenzi hiki kukiri kinaonewa kila siku na kinahitaji mtetezi.

Fungua ukurasa wowote wa michezo. "Kocha akiri kufurahishwa na ushindi." Majina ya makocha hubadilika, kichwa cha habari hakibadiliki. Timu imeshinda mabao matatu, kocha amefurahi. Je, nani alimshtaki kwa furaha hiyo? Nani alimbana kwa maswali hadi akaishiwa nguvu, akasema basi, ni kweli, nimefurahi? Kukiri ni kulikubali jambo ambalo ungeweza kulikana. Kukiri na kukana ni mapacha: mshtakiwa husomewa shtaka, kisha ama anakiri ama anakana. Basi ukitaka kujua kama kukiri kumekaa mahali pake, kiondoe na uweke kukana. "Kocha akana kufurahishwa na ushindi." Umeona? Hapakuwa na kesi yoyote tangu mwanzo. Mwandishi alikuwa na haja ya kusema "Kocha afurahia ushindi", maneno matatu, habari imekamilika.

Na msiniambie kwamba ni jambo dogo. Siku mkurugenzi anapobanwa kweli na kamati, akakubali kwamba fedha za umma zimepotea mikononi mwake, tutaandika nini? Tutaandika "akiri", na msomaji atapita bila kushtuka, kwa kuwa asubuhi ile ile kocha naye amekiri, mwanamuziki amekiri kupenda wali wa nazi, na mshindi wa bahati nasibu amekiri kuwa na furaha. Neno lenye makali tumelifanya la kukatia mboga.

Barua za ofisini zinazoanza na "nakiri kupokea barua yako" sina ugomvi nazo. Kupokea barua ni jambo linaloweza kukanwa, na wengi tumeona likikanwa. Injili nayo inalitumia kwa usahihi mkubwa: katika Mathayo sura ya 10, anayemkiri Yesu mbele ya watu anafuatwa papo hapo, katika mstari unaofuata, na anayemkana.

Kwa asili, kukiri kumetoka Kiarabu pamoja na jamaa yake ikirari, kutubu vilevile pamoja na toba, na kuungama ni la Kibantu. Lakini asili haitatusaidia sana hapa. Linalotusaidia ni kuuliza kinyume cha kila neno. Kinyume cha kukiri ni kukana. Kinyume cha kuungama ni kuficha. Anayeungama hajasomewa shtaka, wala hakuna shahidi aliyemtangulia. Padri aliyeketi pale hajui lolote mpaka kinywa chako kifunguke. Ndiyo maana waraka wa kwanza wa Yohana unasema "tukiziungama dhambi zetu", na ndiyo maana padri anayekusikiliza huitwa muungamishi. Kutubu ni hatua nyingine kabisa, ni moyo kugeuka. Wako watu waliokiri kila kitu mahakamani na hawajatubu hata chembe.

Sasa twende Brazili, kwa kuwa mfano wako wenyewe unalithibitisha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ambao ningeutunga. Wajesuiti wa kwanza, wakiongozwa na Manuel da Nóbrega, walishuka Bahia, katika pwani ya Brazili, mwaka 1549. Miaka miwili baadaye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisisitiza kwamba kila dhambi ya mauti itajwe, moja moja. Fikiria kazi iliyowakabili: kuwafundisha watu wa pwani ile tendo ambalo lugha yao haikuwa na jina lake. Wakachukua kitenzi cha Kitupi, lugha ya watu hao, mombe'u, yaani kusimulia, wakakitia kiambishi cha kujirejea, kinachofanya kazi kama ji- yetu, wakapata nhemombe'u. Kujisimulia! Hamna hakimu ndani ya neno hilo, hamna shtaka, yupo mtu na habari zake mwenyewe. Nimelisoma mara nyingi na bado linanigusa. Mtu asiyeelewa kuungama ni nini nitamwonyesha neno hili la Kitupi kabla sijamfungulia kamusi yoyote ya Kiswahili.

Lakini sitakunyima haki yako, katekista. Mapadri wale walitunga pia orodha za maswali kwa Kitupi, na José de Anchieta aliandaa mojawapo: padri anauliza kama umefanya hili, nawe unajibu ndiyo au hapana. Pale kuna swali, na panapo swali kukana kunawezekana. Somo lako likifika hapo, andika kwa amani: "Alipoulizwa, alikiri."

Mtafsiri nalo liondoe. Mtafsiri ana karatasi mbele yake. Anayesimama kati ya vinywa viwili ni mkalimani, na hapa tofauti hiyo ina uzito wa pekee, maana dhambi zile zilipita katika sikio na kinywa cha mtu wa tatu. Wareno walimwita mtu huyo língua, yaani ulimi. Wakati mwingine alikuwa mvulana mdogo. Askofu wa kwanza wa Brazili, Pedro Fernandes Sardinha, alipowasili mwaka 1552 aliupinga utaratibu huo, Nóbrega akautetea. Historia imempa haki Nóbrega: kanuni ya 990 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani, na mkalimani huyo naye amefungwa na siri.

"Wahindi" usiwaite. Wahindi wana nchi yao, na kosa la Kolumbo, aliyefika Amerika akidhani amefika Asia, halitulazimu sisi kulirithi. Sema Watupi.

Basi andika hivi: "Watupi wa pwani ya Brazili waliungama dhambi zao kwa padri kupitia mkalimani." Au ukitaka kuanza na padri, Kiswahili kinakupa kitenzi kimoja kinachobeba yote: "Padri aliwaungamisha Watupi kupitia mkalimani." Vijana wakikuuliza kama padri aliendelea kumtegemea mkalimani siku zote, waambie kwamba Anchieta alifika Brazili mwaka 1553 akiwa kijana wa miaka 19, akajifunza lugha ile mpaka akaiandikia sarufi, iliyochapwa Coimbra mwaka 1595.