Mbwa wa kulinda kuku: mtazame mama yake kwanza

Mfugaji mwenzangu akinipigia simu kuuliza habari za mbwa wa kulinda kuku, karibu kila mara ataanza na mbegu. Nichukue German Shepherd? Boerboel je? Namrudisha nyuma kidogo: hao watoto wa mbwa wamezaliwa wapi, na mama yao anaishi vipi na kuku? Ukishapata jibu la hilo, mbegu inabaki kuwa suala la mfuko wako na sufuria ya chakula utakayoweza kuijaza kila siku.

Huku Mkuranga ninakofugia kuku wa kienyeji, maadui wana zamu. Mchana ni mwewe na nguchiro. Usiku ni kicheche, fungo, na nyegere ambaye mbao za banda bovu hazimshindi. Kenge anafuata mayai. Halafu kuna mwizi wa miguu miwili, hasa Krismasi na Idi zikikaribia. Mbwa anayeijua kazi yake huwafukuza wengi wao bila kugusana nao. Harufu yake na kubweka kwake vinatosha. Kwa mwewe tu usimtegemee peke yake. Vifaranga wadogo wanataka wavu juu, mbwa awepo asiwepo.

Kwa hiyo usikubali kuletewa mtoto wa mbwa ndani ya boksi pale stendi. Nenda nyumbani kwao, tena mchana, kuku wakiwa wamefunguliwa. Huyu niliye naye sasa nilimtoa kwa mama mmoja ambaye kuku wake hujiokotea uani. Nilipofika, jike alikuwa amejinyoosha chini ya mwembe, watoto wananyonya. Kuku mwenye vifaranga akaja kudonoa makombo ya ugali pembeni ya bakuli lake. Kifaranga kimoja kikampanda mguu wa nyuma. Jike akafungua jicho moja, akakitazama, akageuzia shingo upande wa pili. Mimi hapo nilishanunua, bei tukazungumza baadaye. Mtoto aliyeona hayo tangu macho yake yafunguke ameshasoma nusu ya somo, na hakuna fimbo wala kelele zitakazomfundisha hivyo.

Kuna sababu ya kuhimiza hilo. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14 hivi, mtoto wa mbwa ndipo anapojua nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani. Anachokizoea wakati huo hakimshtui ukubwani. Mchukue akiwa na wiki 8. Akitolewa mapema zaidi anakosa adabu anayofundishwa na mama yake na ndugu zake, hasa ya kujua ang'ate kwa nguvu kiasi gani. Akichukuliwa akiwa na miezi minne, naye hajawahi kuona kuku, una kazi ngumu mbele yako.

Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994 ili walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine wakali. Wale watoto wa mbwa hukuzwa na mifugo tangu wadogo. Mbegu ile ina ulinzi kwenye damu kwa karne nyingi, lakini bado inafundishwa. Tena mbuzi hapapatiki. Kuku anakimbia, anaruka, anapiga kelele, yaani kila kitu kinachomwambia mtoto wa mbwa "njoo tucheze". Mbwa wetu wa kienyeji anatosha kabisa kwa kazi hii, hali sana, na anastahimili kupe kuliko mbwa wa mbegu za kigeni. Ninachokikwepa ni damu ya mbwa wa kuwinda.

Ukishamkubali mama, kaa chini uani uwaache watoto waje wenyewe. Yule wa kwanza kukurukia na kung'ang'ania kamba za viatu ndiye wengi wanayempenda. Mimi namwacha. Namwacha pia aliyejificha nyuma ya mama anatetemeka. Namtaka anayekuja, ananusa, halafu anaendelea na shughuli zake. Angusha kifuniko cha sufuria: ashtuke, sawa, lakini arudi kukinusa. Kisha subiri kuku apite. Mtoto anayemkazia macho, anashusha kifua na kuganda, huyo ni mwindaji hata kama ana uso mzuri. Anayemtupia kuku jicho na kuangalia pembeni ndiye wako.

Utaambiwa pia umfunue mdomo uangalie kaakaa jeusi, eti ndiyo dalili ya ukali. Ukishamfunua, angalia fizi badala yake: ziwe na rangi ya waridi, zisiwe nyeupe. Tumbo lililojaa kama puto huku mbavu zinaonekana mara nyingi ni minyoo. Pekua ndani ya masikio kama kuna kupe.

Dume au jike? Jike ambaye hajahasiwa huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, na madume ya kijiji kizima yatahamia kwako. Hayo madume hayakukulia na kuku. Dume naye huzurura. Mpango wa kuhasi uwe nao mapema, yeyote utakayemchagua. Na uchukue mmoja. Wawili wa uzao mmoja watafundishana michezo, na mpira wao atakuwa kuku.

Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, pamoja na chanjo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akiwa na miezi mitatu, na usiache kuirudia. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure, hivyo ulizia kwa mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Nyumbani, mwanzo ni kamba. Asubuhi ukienda kumwaga chakula cha kuku, nenda naye, kamba mkononi. Anza na kuku wakubwa, jogoo mkorofi akiwepo ni mwalimu mzuri. Vifaranga baadaye. Kati ya miezi mitano na mwaka ndipo wengi huua, kwa mchezo tu, na mfugaji huwa ameshaanza kumwamini. Usimwache peke yake na kuku mpaka afike mwaka na nusu, wengine miwili.

Akiua, kuna watakaokushauri umfungie mzoga shingoni mpaka uoze. Usifanye hivyo. Hajui kwa nini umemfunga, na kama kuku alikuwa na kideri, unautembeza ugonjwa banda zima. Mizoga yote ifukiwe shimo refu au ichomwe. Vichwa na utumbo mbichi usimpe kamwe. Mpe ugali na dagaa, na unga uwe mzima: mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na inaua mbwa. Chakula cha kuku cha kiwandani pia asikifikie, kwa kuwa baadhi yake kina dawa za kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuku kuhara damu, na dawa hizo zinaweza kumdhuru.

Huku kwetu Waislamu ni wengi, na suala la mbwa huzungumzwa. Mbwa wa mifugo na wa shamba ametajwa kwenye hadithi miongoni mwa wanaoruhusiwa. Linalobaki ni mate yake, kwa hiyo kibanda chake ukiweke upande wa vichaka, kati ya pori na banda la kuku, mbali na njia ya watu wanaokwenda kuswali. Huko ndiko kicheche anakotokea pia.

Na kama amefika miaka miwili bado anawanyemelea kuku, msiumizane. Mhamishie getini alinde watu, utafute mwingine kwa jike mwingine.