Kabla ya kumlilia Jaji, ulizia mizani

Wadogo zangu mnaoanza kusimama kwenye kesi za dawa za kulevya huku kwetu Mtwara na Lindi, hamjambo.

Wiki iliyopita nilikuwa benchi la nyuma mahakamani nikisubiri shauri langu la ardhi. Mbele yangu kijana mmoja, koti bado lina mikunjo ya dukani, kasimama kumwombea mteja wake aliyetiwa hatiani kwa kusafirisha heroini, kilo kadhaa. Akaanza: mteja wangu ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana wake wawili, watoto saba, mama yake ana presha. Akaongeza na mikorosho, kwamba haina wa kuipalilia. Mheshimiwa Jaji aliweka kalamu chini akamsikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipite. Kisha akasoma adhabu: kifungo cha maisha. Kijana akageuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha jambo.

Basi leo sifichi.

1. Shufaa, yaani kumwombea mteja apunguziwe adhabu, inafaa pale sheria ilipoacha nafasi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya 2015, hapa haikuacha. Heroini ikizidi gramu 200, anayetiwa hatiani kwa kuisafirisha anafungwa maisha. Ikiwa gramu 200 au pungufu, tangu marekebisho ya 2017, ni miaka 30. Katikati hapana kitu. Kwa hiyo adhabu ya mteja wako haipangwi siku ile unayolia. Ilipangwa siku mzigo ulipowekwa kwenye mizani, na wewe siku hiyo hata jalada hujalishika.

Mimi nililijua hili kwa kichwa, si kwa tumbo. Mwaka wangu wa tatu wa uwakili nilipewa kijana wa Mikindani, baharia, aliyekamatwa akitokea upande wa Msumbiji na kifurushi kimoja. Hati ya mashtaka ilisema gramu 207. Nikasoma, nikapita. Macho yangu yalikuwa kwenye hati ya ukamataji mali, kwa sababu jina la shahidi huru, raia aliyeitwa kushuhudia ukamataji, liliandikwa Hamisi juu na Hamis chini. Nikaona nimeokota dhahabu! Nilimdodosa askari dakika 40 juu ya herufi moja. Nilitoka nimelowa jasho, wenzangu wakanipa mkono, nikavimba kichwa.

Kesho yake akapanda kizimbani mtaalamu wa maabara. Akafungua bahasha ya kaki mbele yetu, lakiri nzima, akatoa kifurushi. Nailoni nyeusi, soletepu imezungushwa mizunguko juu ya mizunguko, imekazwa kama mpira wa makaratasi wa watoto. Pembeni kuna mkato mdogo, pale alipochukulia sampuli. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na nilikiona vizuri.

"Wakili msomi, una maswali?"

"Sina swali, Mheshimiwa."

Swali lilikuwa moja tu: uzito huu ulipimwa na nailoni yake au bila? Sikuliuliza. Nilikuwa nahifadhi nguvu zangu kwa ajili ya Hamisi. Hukumu ilipokuja, Hamisi na Hamis walimalizwa kwa mistari miwili, ni mtu yule yule. Kisha gramu 207, kisha maisha.

Nje, chini ya mwembe, mama yake alikuwa ameniletea ming'oko imefungwa kwenye kipande cha kanga. Akaniuliza, "Miaka mingapi, mwanangu?" Nikamwambia. Akauliza tena miaka mingapi, maana maisha si jibu la swali hilo.

Usiku ule nilikaa jikoni kwangu Shangani na mizani ya kupimia unga wa keki. Nilifunga unga wa ngano kwa nailoni na soletepu, nikijaribu kukumbuka mizunguko. Nikafungua, nikapima ganda peke yake: gramu 11. Fanyeni hesabu wenyewe. Sisemi kifurushi kile kilikuwa na gramu 196. Siwezi kusema, na ndicho kinachoniuma: hakuna aliyeuliza, na wa kuuliza nilikuwa mimi. Mwenzangu aliyeshika rufaa aliileta hoja, akajibiwa kile mnachokijua nyote: shahidi asipododoswa juu ya jambo, jambo hilo limekubaliwa.

2. Tazama tarehe ya kosa kabla ya kifungu. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba hairuhusu adhabu kali kuliko iliyokuwapo kosa lilipotendwa, kwa hiyo kosa la 2016 usilibebee sheria ya 2017, na kwa kosa la baada ya hapo usitegemee ile nakala ya zamani uliyoipakua ukiwa chuo.

3. Acheni kumsomea Jaji mambo ya Uingereza. Najua yanavutia. Kule mwongozo unauliza kwanza mtu alikuwa nani kwenye mtandao, kiongozi au mbebaji tu. Kuingiza heroini ya kama kilo 5, kiongozi anaanziwa miaka 14, mbebaji 8, na anayekiri mapema kabisa hupunguziwa theluthi. Niliwahi kuwa na mteja, mpishi wa jahazi, aliyekuwa na binamu aliyefungwa London. Kila nikienda gerezani ananiuliza, "Dada wakili, mbona mwenzangu atatoka?" Nilimweleza kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 unazitaka nchi ziadhibu kosa hili kwa uzito, lakini kila nchi imejikatia kipimo chake. Kwetu mpishi na nahodha, wote wakitiwa hatiani kwa mzigo ule ule, wanatoka na adhabu moja. Singapore heroini halisi ikizidi gramu 15 kuna kitanzi. Akanyamaza kidogo, akasema basi bora hapa. Sikujua nicheke au nini.

4. Makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingia 2019, mshtakiwa akipatana na upande wa mashtaka: dawa zikithaminishwa zaidi ya shilingi milioni 20, mlango huo haupo, usimpe mteja tumaini.

5. Mabaharia wa majahazi yanayotoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, wengi ni Wabaluchi, na lugha yao ni Kibaluchi. Mkalimani akiletwa ni wa Kiurdu, mteja anaitikia kwa kichwa kwa adabu tu. Muulize anaota kwa lugha gani.

Na wewe kijana wa koti jipya, najua una nyingine Jumatatu, na hati yake inasema gramu 212. Mtaalamu bado hajatoa ushahidi. Andika barua leo kuomba kielelezo kipimwe upya bila ganda. Masjala wanafunga saa tisa na nusu.