Umehama Kampuni ya Simu, Bili ya Zamani Bado Yakuandama

Kuhamisha nambari ya simu kutoka kampuni moja hadi nyingine kulianza Kenya mwezi wa Aprili 2011, na tangu hapo kuna dhana moja iliyowatia watu hasara: kwamba nambari ikihama, mkataba nao umehama. Sivyo. Kinachohama ni nambari peke yake. Salio la kupigia simu, bando, pesa zilizomo kwenye akaunti ya simu, deni la salio la kukopa, mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi na intaneti ya nyumbani, vyote hubaki kule ulikotoka. Kwa hivyo toa pesa kwenye simu kabla hujahama, kisha andika barua ya kusitisha mkataba hata kama nambari imeshahamia kwingine. Asiyeandika, huenda mtambo wa bili ukamwona bado ni mteja, na kila mwezi ukamtolea bili.

Bili ikija, usiende dukani Moi Avenue au Nyali, hapa Mombasa, kulalamika kwamba "mmenitoza sana." Mhudumu wa kaunta hana la kufanya na maneno hayo. Keti na kalamu, pitia bili mstari kwa mstari, na dhidi ya kila mstari andika neno moja kati ya matatu: nakubali, nakataa, nataka maelezo. Mara nyingi kosa liko kwenye mstari mmoja au miwili tu, na ukiutaja kwa jina na kiasi, kazi imeshafika nusu.

Anza na siku. Ada ya kifurushi aghalabu hutozwa mwezi mbele, ilhali simu zilizopigwa nje ya kifurushi hutozwa nyuma. Ndiyo maana bili ya mwisho huwa kubwa kuliko kawaida bila ya kuwa na wizi ndani yake. Lakini tazama tarehe. Ikiwa kifurushi ni shilingi 3,000 kwa mwezi wa siku 30, kila siku ni shilingi 100. Huduma iliyositishwa tarehe 12 yafaa kudaiwa shilingi 1,200, isipokuwa mkataba uwe na kifungu cha notisi ya siku 30 au kinachosema mwezi ukianza haugawanywi. Kifungu hicho kikiwepo, hesabu siku za notisi kuanzia siku barua yako ilipopokewa, si siku mtu wa ofisini alipoifungua.

Faini ya kuvunja mkataba ndiyo yenye fedha nyingi, na ndiyo yenye makosa mengi. Omba nakala ya mkataba wenye sahihi yako, si karatasi ya masharti ya jumla inayopatikana kwenye tovuti. Tafuta tarehe ya kuanza, muda, na namna faini inavyopigwa hesabu. Kosa la kawaida hutokea hivi: mteja wa mkataba wa miezi 12 abadilisha kifurushi mwezi wa nane, au aletewa ruta mpya ya intaneti baada ya ya kwanza kuharibika, na mtambo waanza kuhesabu miezi 12 upya. Akihama mwezi wa 14, aambiwa amevunja mkataba. Ikiwa hukutia sahihi wala kuthibitisha mkataba huo mpya, uliza kwa maandishi: ulikubaliwa lini, na kwa njia gani? Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010 zampa mteja haki ya kupewa maelezo kamili ya bei na masharti, na ya kutozwa tu kwa huduma alizojiandikishia. Zitaje kanuni hizo katika barua yako.

Kisha ruta. Mtu arudisha ruta, apokewa kwa tabasamu, aondoka mikono mitupu. Miezi miwili baadaye adaiwa bei ya ruta. Kabla hujaitoa nyumbani, igeuze upige picha kibandiko cha chini chenye nambari ya kifaa hicho, upige na chaja yake, maana chaja nayo hudaiwa. Dai risiti iliyoandikwa nambari hiyo, tarehe na jina la aliyepokea. Akija fundi kuichukua nyumbani Kisauni au Changamwe, aandike papo hapo kwenye karatasi na kutia sahihi. Hana karatasi? Basi ruta ingoje, uipeleke dukani mwenyewe.

Amana husahaulika kabisa. Ikiwa uliweka amana ulipofungua laini ya kulipa mwisho wa mwezi, fedha hizo ni zako na zafaa kuondolewa kwenye bili ya mwisho, au kurudishwa zikizidi. Bili nyingi hazionyeshi mstari wa amana mpaka mteja aulize.

Lingine ni malipo yaliyopotea njia. Umelipa kwa paybill lakini nambari ya akaunti ilikosewa tarakimu moja, basi fedha zimeingia kwa mtu mwingine na wewe wasomeka hujalipa. Usibishane kwa mdomo. Toa taarifa ya M-PESA ya miezi husika, ipige chapa kwenye saiba, uzungushie kalamu kila malipo pamoja na nambari yake ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye mambo ya bili ni hivyo hasa: mwenye nambari ya muamala asikilizwa, mwenye kumbukumbu ya kichwani aambiwa arudi kesho.

Yako madeni ambayo hayafai kupingwa. Mkopo wa salio uliokopa na hukulipa, Fuliza, M-Shwari, simu iliyochukuliwa kwa malipo ya kila siku: hayo lipa. Fuliza na M-Shwari ni mikopo ya benki, haifutiki kwa kubadilisha laini, na Fuliza huongezeka kila siku inapokaa. Simu ya mkopo nayo hufungwa yenyewe, haijali laini ya nani imo ndani.

Barua ya malalamiko iwe ukurasa mmoja. Waweza kuiandika kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, ibara ya 7, yasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Weka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya akaunti, tarehe ya bili. Kisha sema hivi: "Bili ni shilingi 9,400. Nakubali shilingi 1,200 na nimelipa leo, nambari ya muamala ni hii. Napinga shilingi 8,200 kwa sababu zifuatazo." Taja kila mstari na ushahidi wake. Maliza kwa kuomba jambo moja lililo wazi, kwa mfano bili iliyosahihishwa ndani ya siku 14.

Ile sehemu unayoikubali ilipe kweli. Watu hukataa kulipa chochote kwa hasira, na hapo ndipo kampuni hupata la kusema: mteja huyu ni mdaiwa sugu. Aliyelipa haki na kupinga ziada ana nguvu kila mahali atakapofika.

Tuma kwa baruapepe, na nakala ipeleke dukani ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye karatasi yako. Ukipiga simu huduma kwa wateja, usikate kabla hujapewa nambari ya malalamiko. Iandike pamoja na saa na jina la uliyezungumza naye. Bila ya nambari hiyo, ngazi inayofuata ni ngumu.

Ngazi inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ina ofisi ya kanda ya Pwani hapa Mombasa na hupokea malalamiko kwa baruapepe ya chukuahatua@ca.go.ke. Kwanza watakuuliza kama umeshailalamikia kampuni yenyewe na ikajibu nini. Kwa hivyo wapelekee vitu vinne kwa pamoja: bili, barua yako yenye muhuri, nambari ya malalamiko, na jibu la kampuni, au maelezo kwamba siku zimepita bila ya jibu. Kwa deni la fedha, iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016; husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na waweza kujisimamia bila ya wakili.

Wakati hayo yakiendelea, chunga jina lako. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB, yaani shirika linaloweka rekodi za madeni ya watu, mara moja kwa mwaka bila ya malipo. Iombe mapema, na ikiwa deni unalolipinga limeingizwa, mwandikie aliyeliingiza na CRB yenyewe, ukiambatisha ile ile barua yenye muhuri. Na wakusanyaji madeni wakianza kuwapigia ndugu zako au jirani, hiyo si njia ya kudai. Hifadhi ujumbe na rekodi za simu, upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya mwaka 2019 yamtaka ayamalize ndani ya siku 90.

Kampuni ikikubali kosa, usitosheke na maneno "tumerekebisha, dada" au "usijali, mzee." Ikiwa benki yako hukata malipo ya kila mwezi yenyewe, nenda uyasimamishe. Halafu dai barua ya kutodaiwa yenye nambari ya akaunti, salio la shilingi sifuri, tarehe akaunti ilipofungwa na, kama uliingizwa CRB, kauli kwamba jina limeondolewa. Weka nakala ya karatasi nyumbani na nyingine kwenye baruapepe, kwa sababu deni lililofutwa dukani laweza kubaki kwenye orodha ya mkusanyaji madeni, naye akakupigia mwaka ujao.