Ndumilakuwili wamekwenda wapi? Joto, mvua na wanyama wa chini ya ardhi

Swali: Ndugu mtaalamu, salaam. Mimi ni mkulima wa mtama na karanga huku Mpwapwa. Ujanani mwangu, kila tukilima baada ya mvua za kwanza, jembe lilikuwa linafukua ndumilakuwili, wale wanaofanana na nyungunyungu, hujui kichwa kiko wapi na mkia uko wapi. Siku hizi namaliza msimu bila kuona hata mmoja. Lakini kwenye mvua kubwa za 2023/24 walitoka wenyewe hadi barazani, mchana kweupe. Kijana wangu anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mimi nabisha: mnyama anayeishi ardhini, penye ubaridi, jua litamfanya nini?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ubishi wako una msingi, tena kwa upande wa jua la mchana umesema kweli tupu. Kabla ya mvua kuanza, ardhi isiyo na kivuli hupita nyuzi joto 50 mchana, na alfajiri inashuka hadi chini ya 20. Chimba sentimita 10, kupanda na kushuka huko kunabaki kama theluthi. Kwenye sentimita 30 hubaki kidogo mno, na kinachofika kinachelewa: joto la saa nane mchana linafika huko usiku wa manane. Kwenye nusu mita, mchana na usiku ni mamoja.

Sasa jiulize, huo ubaridi wa chini unatoka wapi? Udongo wa kina hauna ubaridi wake wenyewe. Unashika wastani wa joto la mwaka mzima la mahali pale, likiwa limeteremka polepole kutoka juu. Kwa hiyo wastani ukipanda nyuzi moja, shimo nalo linapanda karibu nyuzi moja, na mnyama hawezi kuukwepa wastani kwa kuchimba zaidi. Dunia kwa ujumla, katika miaka ya 2011 hadi 2020, ilikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko nusu ya pili ya karne ya 19.

Nyuzi moja au mbili zinaonekana si kitu. Kwa reptilia, jamii ya nyoka na mijusi ambamo ndumilakuwili yumo, ni kitu, kwa sababu mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Udongo ukiongezeka nyuzi mbili, mwili wake huchoma chakula zaidi kwa kama asilimia 15 hadi 20, hata akiwa amelala tu. Kiangazi chenu ni cha miezi mingi, na mchwa, ambao ni chakula chake, nao wanazama chini kufuata unyevu. Mnyama anaishi kwa akiba ya mafuta mwilini, na akiba hiyo inaisha upesi zaidi.

Hapo ni joto tu. Mimi kinachonitia hofu zaidi ni maji.

Wengi wa hao mnaowaita ndumilakuwili si nyoka. Ni jamaa za mijusi wasio na miguu, ambao katika elimu ya wanyama tunawaita amfisbena. Mmoja wao, *Geocalamus modestus*, alipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1880 kutokana na sampuli iliyotoka hukohuko kwenu Mpwapwa. Ukimshika mkononi utaona magamba yamepangwa pete kwa pete mwili mzima, na pua imechongoka kama kabari. Kichwa hicho ndicho jembe lake. Anasukuma, anashindilia udongo pembeni, anasogea. Udongo ukiwa na unyevu anapita. Ukikauka ukawa kama tofali, anabaki pale alipo, au anajibana chini ya gogo na ndani ya kichuguu, mahali palipobaki na unyevu. Mvua za Desemba zikichelewa wiki tatu, kwako ni mbegu kuharibika au kupanda upya. Kwake ni wiki tatu zaidi za kufungiwa bila kula, mwishoni kabisa mwa kiangazi, akiba ikiwa imekwisha.

Halafu mvua inakuja yote kwa mkupuo. Matundu ya udongo yanajaa maji, hewa inatoka, na mnyama anayepumua kwa mapafu lazima apande juu au azame. Hao uliowaona barazani walikuwa wanakimbia kufa maji. Huko juu wanakutana na kuku, kunguru na fimbo zetu. Nakuomba uwaambie vijana nyumbani wasiwaue: hawana sumu, na chakula chao ni mchwa na mabuu ya wadudu wengine.

Wanaojificha shimoni lakini wakala juu wana shida ya namna nyingine. Mwaka 2010 mwanasayansi Barry Sinervo na wenzake walitoa matokeo ya kurudia maeneo 200 ya mijusi nchini Mexico, na wakakuta asilimia 12 ya makundi yametoweka tangu 1975. Maelezo yao ni kwamba jua kali linamlazimisha mjusi akae mafichoni saa nyingi zaidi, hivyo saa za kuwinda zinapungua, na majike yanakosa nguvu ya kuzaa. Na kule New Zealand yupo tuatara, reptilia anayefanana na mjusi, anayelala shimoni na kutaga ardhini. Udongo ukiwa na joto zaidi, mayai yake hutoa madume wengi kuliko majike.

Hata hivyo, kijana wako asiitupie tabianchi lawama zote. Tangu ujana wako shamba limebadilika pia. Kama siku hizi mnalima kwa trekta, mmesawazisha vichuguu, mmeng'oa visiki na mnapiga dawa ya mchwa, basi mmemwondolea nyumba, kivuli na chakula kwa pamoja, na ninaamini hilo ndilo lililowapunguza kwanza. Ukame na mafuriko vinawakuta wakiwa tayari hawana pa kujibanza. Acha kichuguu kimoja au viwili pembeni mwa shamba, na usichome mabua ya mtama baada ya kuvuna. Yatandaze, ardhi ibaki na unyevu.

Mvua zikianza, kama jembe litamfukua mmoja, mwangalie magamba. Yenye pete ni amfisbena. Laini yenye kung'aa, na mwiba mdogo kwenye ncha ya mkia, ni nyoka kipofu. Mpige picha ya kichwa na mkia, mrudishie udongo, kisha unitumie pamoja na tarehe na kina cha shimo.