Umepewa majengo ya kusimamia Mombasa? Rangi iache kwanza

Ndugu uliyeuliza, umetoka Nairobi, umekabidhiwa majengo mawili ya kupangisha Nyali pamoja na uwanja wake, na hujui uanzie wapi. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, kisiwani na huko huko Nyali. Wenzangu wamekushauri upake rangi ili wapangaji waone mabadiliko. Mimi nakusihi uanze na chumvi na maji.

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hupenya kwenye zege mpaka ikafikia nondo, vile vyuma vilivyo ndani yake. Nondo ikishaota kutu hufura, na zege hupasuka kutokea ndani. Ukiona ufa ulionyooka chini ya roshani, wenye doa la kahawia, usiuzibe kwa plasta. Pagonge kwa nyundo ndogo. Pakilia kama pana uwazi, zuia watu kupita chini yake siku hiyo hiyo na umwite mhandisi. Kipande kama hicho kikimwangukia mtoto anayecheza uani kinaua, kwa hiyo usikubali kuambiwa ngoja bajeti ya mwaka ujao. Mwenye nyumba akikataa, mwandikie barua na ubaki na nakala.

Maji nayo. Tunayokunywa Mombasa yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kule Kwale. Bomba likipasuka huko, mifereji yako inakauka. Weka tangi kubwa la chini, pampu ya akiba, na namba ya mwenye boza, lori la maji, unayemwamini. Maji ya kisima mengi ni ya chumvichumvi. Yapitishie bomba lake peke yake, ya kuvutia choo tu, maana yakiingia kwenye hita yanaila. Tena ardhi yetu ni matumbawe yenye matundu, na maji taka ya shimo hufika kisimani bila shida. Peleka sampuli maabara hata kama wapangaji wanakuapia kwamba ni safi.

Uwanjani, tafuta mkwezi aangue nazi kabla hazijaangukia magari au watu. Mifereji ya paa isafishwe mwezi wa Machi, masika hayajaingia. Kama kuna lifti, fuata ukaguzi unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na cheti kiwe mkononi mwako, kisibaki kwa fundi.

Halafu kaa na soja wa zamu ya usiku, umpe heshima yake, umwulize pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu huwaka saa ngapi. Ikiwaka kila mara saa nane za usiku watu wamelala, kuna mahali maji yanavuja. Anza na matangi ya vyoo, nyumba moja baada ya nyingine, kisha boya linalofunga maji kwenye tangi la juu. Ukikosa huko, funga koki za kila ghorofa kwa zamu mpaka pampu inyamaze.